Mtoto Aliyeharibu Tembo

Nyani ana tabia moja ambayo binadamu wengi tumeirithi bila kuandikiwa wosia. Akiwa juu ya tawi huyaona makundu ya wenziwe yote, huyacheka, huyajadili, na laiti angekuwa na kalamu angeyaandikia ripoti. La kwake liko nyuma, na shingo haifiki huko. Ndiyo maana wahenga wakasema nyani haoni kundule. Kisa hiki ni cha nyani mmoja aliyevaa miwani na shati lililopigwa pasi.

Alikuwa mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Bwana Vipimo, kwa kuwa hata baada ya kuagwa kazini hakuacha kupima. Alipima kimo cha mlango kabla ya kununua kabati, na akipikiwa wali alitaka kujua maji yalikuwa vikombe vingapi. Katika chumba cha nyuma alikuwa na meza ndefu, na juu ya meza jeshi la tembo wa vita, kila mmoja urefu wa kidole. Walikuwapo wa madini ya risasi, wa shaba na wa mti, wamebeba minara midogo migongoni, ndani ya minara wapiga mishale wasiozidi punje ya mchele, na shingoni kwa kila tembo amekaa mwongozaji wake. Aliwakusanya kwa miaka thelathini kwa sheria moja tu: uhalisia. Tembo mwenye masikio yaliyozidi kipimo aliondolewa jeshini siku hiyohiyo. Mnara ambao mgongo wa tembo wa kweli usingeubeba ulikatwa. Rangi ilikuwa kijivu cha tembo, basi.

Rafiki yake wa pekee alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia, na bila shaka watu walimwita Mzee Meno. Huyu naye alikusanya tembo wa vita, lakini kwa kufuata moyo wake. Mabaki ya meno aliyachonga yakawa pembe nzuri ajabu, kisha akampaka tembo rangi yoyote iliyompendeza asubuhi hiyo. Kila Ijumaa alasiri alikuja na tembo mfukoni, nao wakabishana mpaka chai ikapoa.

"Tembo gani duniani ni mwekundu?" Bwana Vipimo alimwuliza siku moja.

"Huyu hapa," akajibu mwenzake, akamweka mezani.

Wakacheka. Watoto wa Bwana Vipimo walikuwa mbali, wenzake wa kazini walikwisha kutawanyika, na Ijumaa hizo ndizo zilizompa sababu ya kunyoa ndevu. Urafiki huo alikuwa akiupenda kuliko alivyojua.

Basi siku moja alipokuwa akiwafuta vumbi, aliona kijivu cha tembo wake kimebadilika. Kimekuwa rangi ya chai hafifu, kama vile mtu amewaosha kwa majani ya chai. Alisugua, haikutoka. Hapo akakumbuka kwamba Mzee Meno aliwahi kusema tembo wa vita anafaa apakwe chai nzito ili aonekane wa kale. Dhana ikabisha hodi, naye akaikaribisha na kiti akaipa.

Tangu Ijumaa iliyofuata akawa anakaa mahali panapomwezesha kuiona mikono ya mgeni. Kikombe cha mgeni kikibaki nusu alijiuliza kwa nini hakukimaliza, na kikiisha alijiuliza chai imekwenda wapi. Mgeni akiondoka, yeye huinama mezani akawanusa tembo mmoja mmoja. Hakunusa kitu, na hilo nalo akalitilia shaka.

Wakati huohuo alianza kuwarudishia rangi. Alichanganya kijivu, akakitazama, akakiona kina umanjano, akaongeza buluu kidogo, kisha kidogo tena, mpaka kikamkaa machoni. Kwanza alipaka mmoja kwa juma, baadaye watano. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani yake iko sebuleni, aliingia na sinia akasimama akiitazama ile meza.

"Mzee, hii rangi gani umewapaka?"

"Kijivu. Kwani wewe unaona nini?"

Mkewe akanyamaza. Bwana Vipimo alikipima kimya kile akakiona kirefu kupita kiasi. Juma lilelile mkewe akamwomba amletee uzi mweusi, akampelekea wa buluu iliyokoza. Akamwomba tena siku ya pili, ikawa hivyohivyo. Badala ya kujiuliza amekosea nini, yeye alijiuliza huyu mama ananijaribu kwa sababu gani, na ametumwa na nani.

Mambo yaliharibika kabisa siku Mzee Meno alipokuja na kitu kilichofungwa kwenye leso safi. Alisema ni miaka thelathini tangu waanze kubishana, na safari hii ameamua kushindwa. Alikwenda bustani ya wanyama siku tatu mfululizo akamtazama tembo hai, mchana kutwa, hata walinzi wakaanza kumwuliza shida yake. Akafungua leso. Tembo alikuwa wa kijivu, masikio kwa kipimo, miguu kwa kipimo.

Ndivyo alivyokuwa kwa macho ya watu wengine. Bwana Vipimo aliona tembo wa rangi ya chai.

"Umekuja kunicheka nyumbani kwangu," alisema. "Nilijua ni wewe. Humu chumbani usiingie tena."

Mzee Meno hakuuliza alijua nini. Aliikunja leso mara nne, akaitia mfukoni, akamuaga shemeji yake na kuondoka. Bwana Vipimo akachukua brashi akampaka na huyo tembo mgeni, akaacha tumbo tu ambako mwenzake alikuwa amechonga alama yake.

Tembo hawakuacha kugeuka rangi. Mgeni kafukuzwa, na bado wanaingia uchai. Mtu mwingine angeona hapo pa kusimama na kufikiri, lakini mwenye dhana hasimami. Akikuta ukuta huutafutia mlango. Akakata shauri kwamba adui ana mshirika ndani ya nyumba. Asubuhi moja akanyunyiza unga sakafuni ili amnase kwa nyayo. Alianzia mlangoni akaendelea mpaka mezani, halafu, mpima ardhi wa miaka yote ile, akatoka kwa kuukanyaga. Alasiri alirudi akainama, akaziona nyayo za kandambili. Alizipima kwa rula. Zilikuwa sawasawa na za kwake, hata kisigino cha kushoto kilicholika.

"Mjanja huyu," alijisemea. "Anavaa kandambili zangu."

Alipotoka na rula mkononi alimsikia mkewe sebuleni akizungumza kwa simu. Cherehani ilikuwa inalia, maneno yakawa yanamezwa, kisha ikanyamaza ghafla.

"Mtoto ndiye anayeharibu tembo, shemeji," mkewe alikuwa akisema. "Ni lazima atolewe. Ila tusimwambie Mzee kwa ghafla, ataogopa."

Kumbe kuna mtoto! Bwana Vipimo akaanza kuwapitisha akilini watoto wote wa mtaani na kuwakadiria urefu wa mikono. Akanunua kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, na watoto wa jirani wakimwamkia shikamoo aliwatazama vidole kwanza kama vina rangi. Ijumaa akampigia simu Mzee Meno aje mara moja. Akamkalisha kando ya mkewe, yeye akabaki wima.

"Mleteni huyo mtoto," alisema.

"Mtoto yupi?" mkewe akauliza.

"Msinifanye mjinga. Nimesikia kwa masikio yangu. Yule anayeharibu tembo, mnayetaka kumtoa bila mimi kujua."

Mkewe akamtazama shemeji yake. Kicheko kikamtoka, kisha kikageuka kilio cha mtu aliyechoka.

"Yumo jichoni mwako, baba," alisema. "Ni mtoto wa jicho. Wamo katika macho yote mawili, na mimi nimeogopa miezi mitatu kukwambia."

Bwana Vipimo akasema macho yake yamepima nusu ya nchi na hayajawahi kukosea. Mkewe hakubishana. Aliweka mapande mawili ya uzi mezani akamwambia achague jeusi. Akachagua la buluu bila kusita, kwa dharau hata, na Mzee Meno akageuza uso akatazama dirishani. Hapo ndipo mzee alipoanza kuogopa.

Daktari wa macho alimmulika, akamweleza kwamba kioo kilichomo ndani ya jicho kimeingia umanjano, mfano wa glasi ya taa iliyokaa jikoni miaka mingi, na kwamba kila alichokitazama alikiona kupitia humo. Wakamfanyia jicho moja, na baada ya wiki chache la pili. Bandeji ya mwisho ilipofunguliwa alirudi nyumbani akishangaa weupe wa kuta. Akafungua kufuli.

Mezani walisimama tembo arobaini wa buluu, buluu ya ndoo za plastiki. Waliangaliana naye. Hakuna mkono mwingine uliowapaka. Akamwinua yule aliyeletwa kwenye leso, akamgeuza, na pale tumboni alipopaacha akaona kijivu. Kilikuwa kijivu cha kweli, ambacho yeye na vipimo vyake vyote hakuwahi kukifikia. Alikaa chini akalia.

Alimkuta Mzee Meno karakanani kwake, amezungukwa na safu za meno yasiyo na wenyewe. Njiani alikuwa ametunga maneno marefu ya kuombea radhi, yote yakamtoroka. Akaweka tembo juu ya meza ya kazi akasema, "Nimekukosea. Naona aibu."

Mwenzake alimgeuzageuza tembo bila haraka.

"Ulipima masikio ya tembo, ukapima pembe, ukanipima na mimi ukaniona pungufu," alisema. "Jicho la kupimia hukulipima."

Kisha akasogeza kigoda cha pili kwa mguu, akamtupia kisu kidogo, wakaanza kukwangua buluu. Ijumaa zimerudi, na ubishi umerudi. Lakini siku hizi Mzee Meno akifika kwenye chumba cha nyuma husimama mlangoni akangoja aambiwe ingia, na zamani alikuwa akiingia tu. Bwana Vipimo humwona amesimama pale, humwona vizuri sana kwa macho yake mapya, na kila Ijumaa moyo humuuma. Aliyemtafuta kwa unga, kwa rula na kwa kufuli alikuwa yeye mwenyewe, na hakumwona, kwa sababu nyani haoni kundule.