Usajili wa Songoro Ngiri

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa uwanja.
Uwanja wa nini?
Wa boga. Waliocheza walirudi nyumbani, waliosajiliwa hawakurudi.
Ee! Walikwenda wapi?
Hapo ndipo pa kutega masikio.

Bondeni kulikuwa na chuo. Vijana wa wanyama walifundishwa hapo mchezo wa boga, na mchezo wenyewe ulikuwa hivi: Tumbili hushika boga, hutafuta mwenzake mwenye mbio, halafu humrushia. Lakini wapinzani nao hawakai kumtazama. Humjia, vuu! wamwangushe kabla hajarusha. Kwa hiyo mbele ya Tumbili husimama wazuiaji, wanyama wapana wenye shingo nene. Kazi yao ni moja tu: asipite mtu. Mzuiaji haligusi boga. Mzuiaji haimbiwi. Akikosea, hapo ndipo jina lake linapotajwa.

Waliotoka chuoni wakiwa hodari walisajiliwa na timu kubwa ya Jabalini. Mwenye timu alikuwa Chui. Chui alikuwa na nguvu, alikuwa na madoa ya kupendeza, na tumbo lake halikujua neno "basi". Aliyempimia wachezaji alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwenye macho mekundu yasiyotulia.

Kupima wachezaji ni kazi ya kushuku, na Bi Nguchiro alishuku kila kitu. Akisikia mchezaji anasifiwa, aliuliza nani anamsifu. Akiona mchezaji kamwangusha mwenzake, alimtazama kwanza yule aliyeanguka: kaangushwa kweli, au kajikwaa? Lakini siku hizo shaka yake ilikuwa imehama. Imewaacha wachezaji, imeanza kumnyemelea mwajiri wake.

Maana alimchagua Kongoni, kijana mwenye kifua kama mlango. Kongoni akaenda Jabalini. Mechi ikachezwa. Kongoni hayupo.

"Bwana Mkubwa, Kongoni yuko wapi?"

"Ameumia goti," Chui akasema, akijilamba.

Akamchagua Pofu, kijana mwenye mabega kama kichuguu. Pofu akaenda Jabalini. Mechi ikachezwa. Pofu hayupo.

"Bwana Mkubwa, Pofu yuko wapi?"

"Amekwenda kumwuguza shangazi yake," Chui akasema, akijichokoa meno.

Bi Nguchiro akajiuliza, Pofu ana shangazi? Hakuuliza kwa sauti. Aliangalia uwanjani, akaona safu ya mbele wamesimama mafisi wawili wamekonda kama kuni, na Tumbili wa Jabalini anaangushwa puu, anainuka, anaangushwa puu. Timu inafungwa kila siku, na mwenye timu ananenepa. Hilo nalo alilitazama, akalimeza.

Kisha Chui akamwita tena. "Nimesikia Bondeni kuna Ngiri. Kampime."

Bi Nguchiro akashika njia, moyo mzito. Alipofika uwanjani alimkuta kijana Songoro, mfupi, mpana, mkia umesimama wima kama kijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesifiwa? Mbona mikono yako mifupi?"

"Nimezaliwa nayo, mama."

"Na hao uliowazuia walikuwa akina nani? Sungura?"

Songoro akainamisha kichwa. Bi Nguchiro akamwita Nyati mmoja wa chuoni, bonge la mnyama, akamsimamisha mbele yake. Kipyenga kikalia, pii! Nyati akaja kama nyumba inayobomoka. Songoro hakumsubiri akiwa amesimama. Alipiga magoti ya mbele, kama ngiri anavyopiga magoti akila majani, akaingia chini ya kifua cha Nyati, akainua. Kukuru, kakara! Nyati akarudi nyuma hatua moja, akarudi tena, akatoka nje ya uwanja, akapita kwenye vichaka, akaingia kijitoni, chubwi! Songoro bado anasukuma.

Mwalimu wa chuo akapuliza kipyenga. Pale pale Songoro akaacha, akamwinua Nyati, akamfuta matope.

"Kwa nini hukuacha mlipotoka uwanjani?" Bi Nguchiro akauliza.

"Mama, tulifundishwa hivi: kipyenga kikilia, acha. Hakijalia, sukuma."

Bi Nguchiro akamzunguka, akamtazama nyuma, akamtazama mbele, akitafuta kasoro ya kweli. Hakuipata. Alikuwa hajawahi kuona mzuiaji kama huyo, na badala ya kufurahi aliingiwa na baridi.

Wakati huo Mama Songoro akatokea kwenye majani, pembe zake mbele.

"Dada, wewe ndiye mpimaji wa Jabalini?"

"Ndiye mimi."

"Kongoni alicheza na mwanangu. Tangu aende huko, mama yake hajapata hata salamu. Wewe umemwona?"

"Sijamwona."

"Pofu je?"

"Naye sijamwona."

"Basi unakuja kumchukua wangu ukijua nini?"

Bi Nguchiro aliaga, akaondoka, na swali lile likatembea naye njia nzima.

Chui alimpokea chini ya mgunga, mbali na pango lake. Hakuna mnyama aliyewahi kukaribishwa pangoni akarudi kusimulia.

"Haya, sema. Huyo Ngiri yukoje?"

"Bwana Mkubwa, ana miguu myepesi kuliko umbo lake."

"Paja?"

"Anainama vizuri, anaingia chini ya mpinzani."

"Nimeuliza paja."

"Paja nene."

"Mgongoni ana mafuta?"

Machale yakamcheza Bi Nguchiro. Tangu lini mzuiaji akazuia kwa mafuta ya mgongoni? Akaamua kumrushia chambo.

"Tatizo ni mikono, Bwana. Mifupi sana."

"Mikono haina nyama," Chui akasema. Kisha akakohoa. "Haina maana, nimesema. Mlete kesho pangoni nimpime mwenyewe. Aje peke yake. Aoge kwanza. Halafu umpake chumvi na ndimu."

"Chumvi na ndimu, Bwana?"

"Hulainisha misuli."

Basi, hapo hakukubaki cha kushuku. Bi Nguchiro akajua goti la Kongoni lilikwenda wapi, akajua shangazi wa Pofu ni nani. Miguu ikataka kukimbia. Lakini Chui alikuwa anamtazama, tena anamtazama pajani, na paja lake ingawa dogo, lilikuwa paja. Akajikaza, akatabasamu.

"Bwana Mkubwa, akili yako sijaiona kwa mwingine. Ila ngiri huyu ni mgumu kama gome la mti. Chumvi haitapenya. Misuli ya ngiri hulainishwa na jasho. Akisukumana na mwenye nguvu mpaka jasho limtoke, ndipo inalainika, inakuwa laini ya... ya kuchezea."

Chui akameza mate, gudu. "Laini namna gani?"

"Inaachana yenyewe."

Gudu. "Asukumane na nani?"

"Mbuga nzima hii, mwenye nguvu ni nani tena?"

Chui akavimba kifua. Kisha akakunja uso, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Nguchiro, kwa nini nisisukumane naye hapa hapa, tukiwa wawili tu?"

"Kwa sababu kuna maneno, Bwana. Kina mama wananong'ona. Wakikuona unampima mchana kweupe, mbele ya macho yao, watanyamaza. Na mwakani watakuletea watoto wao wenyewe, wamenenepeshwa kabisa."

"Wamenenepeshwa," Chui akasema polepole. Akakubali.

Bi Nguchiro akakimbia hadi Bondeni. Akamwambia Mama Songoro mambo yote, bila kuficha hata chembe. Mama Songoro akataka kumficha mwanawe shimoni.

"Ukimficha leo, atamwita mwingine kesho," Bi Nguchiro akasema. "Waite kina mama waje uwanjani. Mkituona tunaondoka, mtufuate." Kisha akamgeukia kijana. "Songoro, utamzuia Chui. Ukisikia kipyenga?"

"Naacha."

"Usiposikia?"

"Nasukuma."

"Hata akikusihi?"

"Yeye si mwamuzi, mama."

Kesho yake uwanja ukajaa. Tumbili alisimama nyuma na boga lake. Songoro akasimama mbele yake. Chui akaja akitembea kwa maringo, na Bi Nguchiro, kipyenga mkononi, akamwelekeza kwa adabu:

"Simama hapa, Bwana Mkubwa, jua lisikuumize macho."

Chui akasimama hapo, mgongo wake umeelekea Jabalini.

Pii!

Chui akaruka. Songoro akapiga magoti, akaingia chini ya kifua, pembe zikakaa mbavuni, akainua. Kukuru, kakara! Chui akanyoosha kucha zimkamate shingo, zikakamata hewa. Akafungua mdomo amng'ate, akang'ata vumbi. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi tena, akatoka nje ya uwanja.

"Inatosha!" akasema. "Puliza kipyenga!"

"Bado, Bwana. Jasho halijatoka."

Wakapita kwenye miiba, charara, charara!

"Nguchiro! Puliza!"

"Bado, Bwana. Jasho halijatoka."

Wakapita kwenye kichuguu, tifu!

"Puliza, mwanamke wewe, nitakula!"

"Utakula, Bwana. Ila jasho halijatoka."

Bi Nguchiro alikimbia kando yao, kipyenga mdomoni, pumzi zimembana, akiogopa asije akakohoa kikalia chenyewe. Nyuma yake walikuja kina mama, Mama Songoro, Mama Kongoni, Mama Pofu na wengine wengi. Hawakushangilia. Walikuwa wanatazama njia inakokwenda.

Chui naye akageuza shingo, akaona inakokwenda. "Si huko! Ngiri mwanangu, si huko! Tugeuke!"

Songoro akazidi kusukuma. Kukuru, kakara, mpaka mlangoni mwa pango, mpaka ndani, puu! Chui akabanwa ukutani, na vitu vikaporomoka juu yake: kwato, mafuvu, pembe.



Mama Kongoni akaingia taratibu. Katika lundo lile aliiona pembe moja iliyopinda kidogo kwenye ncha, kama ilivyopinda tangu inaota. Hakulia. Aliilamba vumbi, akailamba tena, mpaka ikang'aa. Kisha akageuka kumtazama Chui, na kina mama wote wakageuka pamoja naye.

Hapo ndipo Bi Nguchiro alipopuliza kipyenga. Pii!

Songoro akaacha pale pale, akarudi nyuma, akihema. "Mama," akamwuliza Bi Nguchiro, "nimefaulu?"

Kabla hajajibiwa, kina mama walikuwa wameshusha pembe. Chui akachomoka chini ya matumbo yao, akapoteza nusu ya ngozi ya mkia, akaparamia mti mrefu na hakushuka siku ile. Mpaka leo, chui akipata kitoweo hukipandisha mtini akile huko juu, na kabla ya kutafuna hutazama chini.

Timu ya Jabalini ilibaki mikononi mwa wachezaji wenyewe. Songoro alisajiliwa, akawekwa upande wa kushoto wa Tumbili, na Tumbili akasahau ladha ya vumbi. Hata hivyo kila msimu wako wanaosema mikono yake ni mifupi. Bi Nguchiro aliendelea kupima, ila sasa alipima waajiri kwanza: aliwauliza mchezaji atalala wapi, atakula nini, na nani atakula naye. Mama Kongoni hakumsemesha miaka mingi. Hilo Bi Nguchiro hakulishangaa.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeipenda aibebe, atakayeichukia aisogeze na mguu.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: msiwashuku wakubwa. Mkubwa akikuita uende peke yako, nenda peke yako, tena usimuage mama. Mkubwa akisema jambo, mtoto mwema haulizi, huitikia tu. Haya, mmenisikia?

Nimesema, mmenisikia?

Mbona haitikii mtu?