Jina la Pili la Nyumba ya Mawe

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi na akalale sasa hivi, simlaumu, maana hadithi hii ina kesi ndani yake, mahakimu ni ninyi, na hakimu hasinzii.

Kijiji cha Ngondwe, juu kabisa katika milima ya Upare, kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mbonea alikuwa na jicho. Akilaza shavu juu ya udongo na kufumba jicho moja, alijua maji yatapita wapi na yatagoma wapi. Kadeghe alikuwa na ulimi. Mtu aliyefunga mlango na moyo vyote viwili, yeye alimfungua. Senzota alikuwa na mikono. Jiwe lililowashinda wanaume sita alilipasua peke yake, tena huku akiimba vibaya.

Wa nne alikuja na wasiwasi tu. Huyo ni Nakijwa, muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na miwili alihamishwa vituo kumi na kimoja, akilala katika nyumba za serikali ambazo hata msumari ukutani aliupigilia kwa ruhusa. Mume hakudumu, mtoto hakupata. Alipostaafu alisema, "Sasa nataka mlango ambao nikiufunga, hakuna atakayeniletea barua ya kunitoa." Akanunua nyumba ya mawe Ngondwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka pale pikipiki zinapokata tamaa. Wenzake wa tambarare walimcheka, naye hakuwajali.

Alikwisha kulipa na karatasi zimegongwa mhuri, ndipo alipokuja Sefue, msimamizi wa maji, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Aliitazama nyumba, akatikisa kichwa.

"Mama, umenunua kuta. Nyumba bado."

"Bado vipi, baba? Mwenyewe amenikabidhi ufunguo."

"Amekukabidhi ufunguo, maji hakukukabidhi."

Kumbe muuzaji alimeza neno. Ngondwe, kila nyumba ina zamu yake ya maji kutoka ndiva, lile bwawa dogo la kijiji lililojengwa juu ya mashamba. Mfereji wa nyumba ya mawe ulikuwa umekufa miaka kumi. Mfereji ukifa miaka kumi, siku ya msaragambo, wanakijiji wote wanapotoka kuisafisha ndiva kwa pamoja, zamu yake hupewa mwingine. Msaragambo ulikuwa umebakiza wiki tatu, na aliyekuwa akiingojea zamu ile alikuwa Mbazi, mkulima mkubwa wa tangawizi. Nyumba isiyo na zamu haikaliki, kwa kuwa mto uko chini bondeni na anayeshuka asubuhi na ndoo hurudi adhuhuri.

"Na jambo jingine," akasema Sefue. "Zamu huandikwa majina mawili. La mwenye nyumba, na la atakayeirithi nyumba na maji. Mawili, si matatu. Zamani ndugu wawili walirithi zamu moja, wakapigania lango mpaka ndiva ikabomoka na kuzoa mashamba ya watu."

Tangu siku ile Nakijwa hakutulia. Makande yaliungua jikoni yeye akiwa mlangoni anatazama ukungu. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Alianza kuzunguka kijiji akiomba msaada kwa watu wasio na nyumba wala zamu yao wenyewe, na hofu ilipomzidi, alitoa ahadi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani ana masikio akiwa anafukuzwa na siku?

Alimwendea Mbonea. "Nionyeshe mfereji ulipopita, kaka, nami nitakuandika jina la pili." Kwa Mbonea ombi hilo lilikuwa zito, maana Mbazi ni kaka yake wa tumbo moja, na yeye alikuwa akiishi uani kwa Mbazi. Kisha akalala kifudifudi kwenye magugu. Siku nne alitambaa, akapigilia vijiti kutoka ndiva hadi mlango wa Nakijwa, na hakuna kijiti hata kimoja kilichokosea mteremko. Mbazi alipopata habari, alimtupia godoro lake barabarani. Mbonea akahamia kwenye banda la majani.

Alimwendea Kadeghe. Vijiti vya Mbonea vilipita katikati ya shamba la Bi Nanzighe, na Bi Nanzighe alikuwa amekataa katakata. "Nisemee, mdogo wangu, nami nitakuandika jina la pili." Kwa Kadeghe pia lilikuwa zito. Bi Nanzighe alikuwa mama mkwe wake wa zamani, aliyemfukuza kwa kumsingizia kwamba alimtilia ng'ombe wake sumu. Kadeghe alikwenda hata hivyo. Alizungumza kutwa nzima, na bibi akalegea, lakini akatoa sharti: Kadeghe akiri mbele ya wanawake wote kwamba sumu ile ni yake. Kadeghe hakuwahi kumgusa ng'ombe yule. Jumapili alisimama mbele ya wanawake, akakiri, na njia ikafunguliwa. Tangu hapo watoto wakimwona wanaficha mbuzi wao.

Alimwendea Senzota, kwa sababu mfereji ulipochimbwa ulifika kwenye kona moja ukakuta jiwe la ukubwa wa banda la jiko. Nakijwa alimwambia maneno yaleyale, na wakati huu aliona aibu akiyasema. Senzota alicheka tu. Aliwasha moto juu ya jiwe, akalimwagia maji baridi, likalia na kupasuka, akaingiza mtaimbo. Pande moja liliporomoka na kuukamata mkono wake wa kulia. Nakijwa ndiye aliyemwosha na kumfunga, kisha wakambeba hadi hospitali. Alirudi na vidole viwili katika mkono ule. Njia ilikuwa wazi.

Siku ya msaragambo ikafika. Kijiji kizima kilizoa tope tangu asubuhi. Sefue akafungua lango la ndiva, na maji yakateremka, yakapita vijiti vya Mbonea, yakakata shamba la Bi Nanzighe, yakaipita kona ya Senzota, yakaingia uani kwa Nakijwa. Nakijwa alilia bila kujificha. Alikuwa na miaka sitini na moja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maji kumfuata yeye.

Sefue akafungua daftari. "Nakijwa, jina la kwanza. La pili?"

Watu watatu wakasogea mbele kwa pamoja, kila mmoja akijua ni yeye. Kisha wakatazamana, na hapo wakaelewa. Nakijwa alitamani ardhi immeze.

"Mimi sina pa kulala, dada," Mbonea akasema taratibu. "Bila vijiti vyangu maji yangeishia kichakani."

"Bila mimi yangeishia kwenye ua wa Bi Nanzighe," akasema Kadeghe. "Nimekiri kosa lisilo langu. Nani tena Ngondwe atanipa hata kona ya kukaa?"

Senzota hakudai kwa maneno mengi. Aliunyanyua mkono tu. "Wewe ndiye uliyeufunga, mama. Unajua kilichobaki."

Nakijwa akamgeukia Sefue. "Siwezi kuwaweka wote humu ndani? Vyumba vipo."

"Kukaa, wakae hata kumi. Siku utakayokufa, anabaki mmoja."

"Na nisipotaja?"

Sefue alimtazama Mbazi, aliyekuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akingoja. "Zamu isiyo na mrithi haiandikwi. Jua likiuacha ukuta wa ndiva, nalifunga daftari, na maji yanakwenda kwa anayefuata."

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja. Ahadi ni deni, wazee walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini akiwa ameahidi kitu kimoja mara tatu, kwa watu watatu ambao wote wametimiza.

Basi, mahakimu, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Je, wewe ungekuwa Nakijwa ungemtaja nani: aliyepoteza ndugu, aliyepoteza heshima, au aliyepoteza vidole? Na ukishamtaja, wale wawili utawaambia nini, maana kesho asubuhi watapita mbele ya mlango wako, wakijua kwamba siku utakayokufa watashuka mtoni na ndoo?