Nyegere na Wafo za Siku ya Kokoto

Hadithi inapita!
— Isipite, iingie!
Ina ukweli?
— Kiasi cha chumvi!
Na uongo je?
— Ujaze sufuria!

Haya, sogeeni.

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wa Pimbi alipaka mafuta chuma chake cha wafo, akakitundika ukutani, akamwambia mumewe, "Usikishike kwa mikono yenye majivu." Kisha akatoka kwenda kutafuta majani. Tai akapita juu ya majabali. Mke wa Pimbi hakurudi. Hadithi yetu si ya tai, kwa hiyo tuendelee.

Asiyeijua wafo nimweleze. Ni mkate wa unga, mayai na maziwa, unaobanwa juu ya makaa kati ya vyuma viwili vyenye miraba. Ukitoka, una vyumba vyumba kama sega la nyuki. Ukiumiminia asali, asali inakaa vyumbani mwake, haikimbii.

Nyumbani kwa Pimbi wafo zilipikwa mara moja kwa mwaka, siku aliyozaliwa binti yao, Kokoto. Siku ikafika. Kokoto hakuomba kitu. Alitazama chuma ukutani, akamtazama baba yake, akakitazama chuma tena.

"Nitapika mimi," Pimbi akasema.

"Unajua?"

"Sijui."

"Basi sawa," akasema Kokoto.

Pimbi akaenda kwa jirani yake, Bi Kanga, kuomba mayai.

"Chukua haya ya huku, shemeji," akasema Bi Kanga. "Yale ya kule usiyaguse, yana watu ndani."

Pimbi akakoroga rojo, akapalia makaa, akaanza. Mimina, tswaaa! Funga, kwap! Geuza. Ngoja. Fungua, fuuu! Wafo ya kwanza ikaungua. Akarudia. Mimina, tswaaa! Funga, kwap! Geuza. Ngoja. Fungua, fuuu! Ya pili ikapasuka, nusu ikabaki juu, nusu ikabaki chini. Akarudia. Ya tatu ikatoka nzima, rangi ya udongo mwekundu. Kokoto aliishika kwa ncha za vidole, akaihesabu vyumba vyote, akairudisha sahanini bila kuilamba. Mwenye siku halambi kabla ya wageni kufika.

Zikapikwa kumi nzima. Rojo likaisha. Asali ilikuwa kibuyu kimoja tu. Majirani wakaanza kuja, na Bi Kanga mbele yao na vifaranga wake kumi na wanne.

Na harufu nayo ikaanza kutembea. Ikapita mawe, ikapita kichuguu, ikaingia shimoni kwa Nyegere.

Nyegere mnamjua. Mgongo mweupe, kucha ndefu, ngozi ngumu hata nyuki wamechoka kumchoma. Harusi ya nani, Nyegere yupo. Kwa Kobe alisema, "Mimi ni mjomba wa bwana harusi," akala pilau yote. Kwa Bi Kanga alisema, "Mimi ni mwenyekiti wa kamati," akala maandazi yote, na kamati haikuwepo.

Nusa, nusa, nusa. Akaja.

Du! Du! Du!

"Hodi, nimeshaingia!" Akasimama mbele ya sahani. "We Pimbi! Hayo masega umeyaiba wapi?"

"Si masega, Bwana Nyegere. Ni wafo."

"Usinifundishe sega mimi. Lina vyumba? Lina. Kuna asali? Ipo. Basi ni sega, na masega yote ya nchi hii ni yangu." Akaitupia mdomoni ile iliyoungua. Nyam. Akaitupia ile iliyopasuka. Nyam. "Tamu. Leta hizo kumi."

Bi Kanga akawakusanya wanawe chini ya mbawa. Kokoto alikuwa ameshika ukingo wa sahani kwa mikono miwili, na Nyegere alikuwa ameshika ukingo wa pili kwa ukucha mmoja. Ukucha mmoja ulitosha.

Pimbi hakuweza kupigana na Nyegere, na alijua hivyo. Akajifuta mikono.

"Chukua, Bwana. Lakini kumi ni chache mno kwa mtu wa heshima yako. Mwenye siku angepewa zaidi."

"Mwenye siku ndiye nani?"

"Aliyezaliwa tarehe ya leo. Huyo hapiki wala hatengi. Anakalishwa kwenye jiwe la katikati, anafumba macho, na kila jirani anamletea alichonacho nyumbani."

Nyegere akaachia sahani. "Kila jirani?"

"Kila jirani."

"Na leo mwenye siku ni nani?"

Kokoto akafungua mdomo. Pimbi akamwahi. "Ndiyo tulikuwa tunaulizana hapa."

"Msiulizane tena," akasema Nyegere. "Ni mimi. Nimezaliwa leo."

"Leo hii?"

"Tarehe ya leo, jua likiwa hapo hapo lilipo. Mama aliniambia."

"Kuna shahidi?"

"Shahidi ni mimi. Si nilikuwepo!"

"Kweli," akasema Pimbi, "huwezi kuzaliwa bila kuwepo." Akawageukia majirani. "Jamani, leo ni siku ya Bwana Nyegere."

Bi Kanga akainua shingo. "Amekiri mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Mbele ya watu?"

"Mbele yenu wote."

"Wanangu," akasema Bi Kanga taratibu, "nendeni nyumbani mkalete tulichonacho."

Kokoto akamvuta baba yake. "Baba, siku ni yangu."

"Najua ni yako. Chukua sahani, kaa nayo nyuma ya lile jabali. Usije ukalowa."

Sasa niambieni, sherehe ya kuzaliwa inaanza na nini?
— Na maji!
Na mwenye siku anaambiwa mapema?
— Haambiwi!

Ninyi mnajua. Nyegere hakujua. Hajapata kualikwa akawepo tangu mwanzo wa sherehe. Yeye hufika harufu ikimfikia, na wakati huo mwenye siku ameshajikausha na amebadilisha nguo.

Basi akakaa kwenye jiwe la katikati. Akafumba macho. Akafungua mdomo, tayari.

Mbwaaa! Ndoo ya kwanza, maji ya kisimani. "Hongera, Bwana Nyegere!"

Mbwaaa! Ndoo ya pili, maji ya kuoshea vyombo. "Ukue, uzeeke!"

"Ng'we! Nini hii?"

"Ndiyo heshima yenyewe, Bwana. Usifumbue macho, bado."

Pufff! Unga wa Kobe, ule ulioingia wadudu. "Hongera!"

Tap! Tap! Tap! Mayai ya Bi Kanga, yale yaliyoharibika, yaliyokataa kuwa watu. "Hongera, mwenyekiti wa kamati!"

Nyegere akafumbua macho akitaka kurarua mtu. Lakini amrarue nani? Wote walikuwa wanamwimbia na kumpigia makofi. Na maji juu ya unga, na mayai juu ya maji, mnajua yanakuwa nini. Lilikuwa linamtiririka masikioni, zito, jeupe.

Kokoto akachungulia nyuma ya jabali. "Baba, mbona Bwana Nyegere amekuwa rojo la wafo?"

Pimbi akamtazama Nyegere juu hadi chini kama fundi anayepima mbao. "Kweli. Na makaa bado yanawaka." Akanyanyua chuma kutoka motoni. Akakifungua, fuuu! Akakifunga, kwap! "Ataingia kwa vipande vipande. Bi Kanga, hebu nishikie mguu mmoja."

"Mguu upi, shemeji?"

Jibu Nyegere hakulingoja. Kukuru, kakara, kukuru, kakara! Akaruka makaa, akaruka Kobe, akakata vichaka, na rojo likamkaukia njiani, hata alipofika mtoni alikuwa anatembea kama mlango.

Kokoto akatoka na sahani. Zilikuwa kumi bado. Akamwagiwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kwa sababu bila hicho si siku. Kisha Pimbi akamimina asali, akakata kipande cha kwanza, akamlisha binti yake kwa mkono wake.

Kokoto akatafuna. Akameza. "Si kama za mama."

"Si kama zake."

"Nipe kingine."

Ndipo majirani wakalishwa, mmoja mmoja, hadi kifaranga wa kumi na nne.

Je, hadithi hii inafundisha nini? Inafundisha kwamba mwenye nguvu aheshimiwe, na kila anachodai apewe mara moja, mbele ya mashahidi. Inafundisha pia kwamba uongo ni mbaya, hasa ukisemwa na mtu mwingine. Msinikodolee macho. Mimi nimeikuta hivyo.

Hadithi imetoka!
— Itoke, ifunge mlango!
Iliyobaki sahanini?
— Ya msimuliaji!

Nani ameuliza habari za kesho yake? Kesho yake kulikuwa na baridi. Tangu tai alipopita, asubuhi Pimbi alikuwa habanduki ndani, hata kuota jua hatoki. Asubuhi ile alitoka na Kokoto, wakapanda juu ya majabali waliko mapimbi wenzao, akatazama angani mara moja, akajilaza kwenye jiwe lililokwisha kupata joto, akaota jua.