Poda ya Gurudumu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Waliotuachia methali hii hawakumlenga mgonjwa wa homa peke yake. Walimlenga kila mwenye donda analolifunika badala ya kulitibu, liwe la mwili, la nyumba au la moyo. Donda la Mauricio lilikuwa kwenye gurudumu la mbele la pikipiki, na aliyelifunika alikuwa yeye mwenyewe.

Mauricio alikuwa dereva wa bodaboda katika kijiwe kimoja cha Chikongola, mjini Mtwara. Alikuwa mchapakazi na mcheshi, ila aibu zake hazikuwa na kifani. Akisahau kumwitikia mtu salamu asubuhi, jioni bado anaitafuna. Pikipiki yake alipewa na baba mkwe wake, Mzee Bernardino wa Kilambo, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji na yeye akabaki kulima mpunga kando ya Ruvuma. Siku ya kukabidhi ufunguo, mzee alisema mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu, hii ibebe watu. Korosho zina malori yake. Itunze kama unavyomtunza binti yangu."

Mauricio aliyashika maneno hayo hadi msimu wa korosho ulipowadia. Mkulima mmoja alimbembeleza amfikishie magunia mawili ghalani, naye, ambaye kusema hapana kulimshinda tangu utotoni, akakubali. Njia ya Madimba ilikuwa na shimo ambalo kila dereva alilijua. Mauricio naye alilijua fika, lakini kwa uzito ule breki hazikusikia. Gurudumu la mbele likatumbukia, kitu kikalia kwa chini, na aliposhuka kutazama akakuta ufa kwenye rimu, mwembamba kama unywele. Rimu zenyewe zilikuwa zile nene zisizo na spoku, na ufa ulianzia ukingoni ukateremka kuelekea katikati.

Mtu mwingine angekwenda kwa fundi. Mauricio alikwenda dukani, akanunua gundi ya chuma, ile ya kijivu ambayo ikikauka huwezi kuitofautisha na rimu yenyewe. Akaujaza ufa, akausugua kwa msasa, akapulizia rangi ya fedha juu yake. Tyubu ilishika upepo na gurudumu likazunguka bila kulalamika. "Nitamwambia Odete wiki hii," alijiahidi. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na maneno yakazidi kuwa mazito kuliko hata yale magunia.

Odete, mkewe, alikuwa fundi cherehani na mwanamke wa mipango. Kaka yake alikuwa anaoa huko Kilambo, na tangu siku ile habari ilipofika hakutulia. Alishona gauni lake, akashona la binti yao Felismina, kisha akatoka nje na kuitazama pikipiki kwa jicho lilelile alilotazamia nguo za wateja.

"Baba Felis," alisema, "tukienda na magurudumu yaliyochakaa hivi, baba atadhani tumeichoka zawadi yake. Nimeshazungumza na Haider. Anayapaka rangi ya poda."

Uso wa Mauricio ukachanua. Poda aliyoijua yeye ilikuwa ile ya kopo iliyokaa mbele ya kioo cha Odete, anayojipaka akienda kanisani. Poda ile alikuwa ameiona ikifunika chunusi na makovu pasibaki dalili. Ikiwa inafunika kovu la uso, aliwaza, ufa wa rimu utaishinda vipi?

"Wazo zuri sana, mama Felis," alisema. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo."

Karakana ya Haider ilikuwa uani, nyuma ya duka la mama yake, mama wa Kihindi aitwaye Hawabai. Zamani familia yao ilioka mikate ya mji mzima, na biashara hiyo ilipokufa likabaki tanuri kubwa la umeme. Haider akalirithi kwa magurudumu. Hawabai alikubali kwa sharti moja, kwamba tangu siku hiyo kisiingizwe humo chochote cha kuliwa, na sharti hilo alimsomea kila aliyepita pale, hata aliyekuja kununua misumari.

Siku ya kazi, Haider aliyavua matairi, akazikwangua rimu rangi yote ya zamani mpaka zikabaki tupu. Mauricio alichungulia mahali pake. Gundi ilikuwa kijivu, rimu kijivu, na Haider amepita hapo na msasa bila kusita. Moyo wake ukatulia.

"Sasa unaipaka poda, tunakwenda zetu," alisema.

"Bado," alijibu Haider. "Kwanza rimu inaingia kwenye tanuri ikiwa tupu, itoke jasho la mafuta iliyoyanywa miaka yote. Halafu ndiyo napuliza poda, halafu inarudi tena kwenye moto iyeyuke na kushika. Poda bila moto ni vumbi tu, kaka."

Mauricio aliizuia rimu kwa mkono. "Kwani lazima moto? Huwezi kuipaka kwa kitambaa, kidogokidogo?"

Hawabai, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, aliinua macho. "Arre, kijana, gurudumu hili linakwenda kuchumbiwa, hata lipakwe kwa kitambaa?"

Odete alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameshachagua rangi, nyekundu iliyoiva, na mkononi alikuwa na kipande cha kitambaa cha gauni lake ili vifanane. Mauricio alimtazama akicheka hivyo na akampenda mno, na kwa sababu hiyohiyo ulimi ukamganda. Angeweza kusema pale. Alifungua mdomo, akaufunga, na Haider akaufunga mlango wa tanuri.

Haikuchukua muda. Kupitia kioo kidogo cha mlango, walichotazamia mikate ikiiva, Haider aliona moshi mwembamba. Akazima umeme, akavaa glavu, akalitoa gurudumu na kuliweka sakafuni. Gundi ilikuwa imefura na kutoa mapovu. Haider alipoigusa kwa bisibisi ilibanduka yote, na ufa ukabaki wazi, mrefu kuliko Mauricio alivyoukumbuka. Safari za kila siku zilikuwa zimeurefusha.

"Hapa pamezibwa," alisema Haider polepole. "Na aliyepaziba alijua anachoziba."

Odete aliinama, akapitisha kidole juu ya ufa. Hakumtazama Haider.

"Tangu lini, baba Felis?"

"Tangu magunia ya korosho," alijibu Mauricio. Hapo kizuizi kikavunjika, akamweleza yote: mkulima, shimo la njia ya Madimba, gundi, rangi ya fedha, na poda aliyodhani ni ya kopo.

"Jumapili ile tulipokwenda Naliendele kwa shangazi," Odete aliuliza, "ulikuwa umeshapasuka?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikaa nyuma. Felismina alikaa katikati yetu. Nikakwambia ongeza mwendo, mvua inakuja. Nawe ukaongeza."

Mauricio aliiona barabara ile, akauona mkono wa mtoto ulioshika shati lake, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila yeye kuyazuia. Odete alikwenda kukaa kando ya Hawabai, akajifunika uso kwa kitambaa kile chekundu. Mama yule wa Kihindi, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alimshika mkono akanyamaza naye.

Odete aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa yake.

"Rimu ni chuma, na chuma hupasuka. Wewe ndiye niliyekuwa nikikutegemea. Ukiniogopa mimi hivi, utamwambia nani ukweli?" Akavuta pumzi. "Harusini tutakwenda. Na gurudumu hili tutakwenda nalo, umwoneshe baba mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Haider alitafuta kwenye vyuma vyake akapata gurudumu la pikipiki nyingine, jeusi, limekwaruzika lakini zima. La nyuma likapakwa poda nyekundu, likang'aa. Basi wakaingia Kilambo na pikipiki yenye gurudumu jekundu nyuma na jeusi mbele, Felismina katikati, na Odete amepakata rimu mbovu iliyofungwa kwenye kanga.

Mzee Bernardino alikuwa mpiga kengele wa kanisa la kigango, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, hivyo sikio lake lilijua chuma kizima kinavyolia. Kwa hiyo alikuwa na desturi moja ambayo Mauricio aliisahau katika hofu zake zote: kila pikipiki ile ilipofika, kabla hata ya kupokea mizigo, mzee aliokota jiwe na kuyagonga magurudumu, kama mtu anayebisha hodi. Aligonga jekundu, likalia. Aligonga jeusi, nalo likalia.

"Mazima," alisema. "Lakini mbona hayafanani?"

"Shikamoo, baba," alisema Mauricio. Akapiga magoti, akaifungua kanga. "Nilipakia korosho ulizonikataza. Rimu ikapasuka. Nikaificha kwa gundi, nikataka na poda iifunike. Nikawabeba binti yako na mjukuu wako juu yake."

Mzee aliigonga ile rimu. Haikulia, ilikohoa tu. Akaigonga tena, akatega sikio, kisha akalitupa jiwe. Akamvuta Felismina, akamkumbatia kwa muda mrefu.

"Hata ungeipaka poda ya maharusi, mimi ningeigonga," alisema hatimaye. "Lakini ningeigonga mkifika. Kama msingefika, je?"

Mauricio aliinamisha kichwa. Mzee akamshika bega, akamwinua.

"Inuka, mwanangu. Pikipiki ni yako bado. Odete, mletee mumeo maji, ametoka mbali."

Odete alileta maji, na alipompa Mauricio kikombe hakuuachia mkono wake upesi. Rimu ile mzee aliitundika kigangoni, kando ya kengele. Watoto wa Kilambo huigonga wakipita ili waisikie ikikohoa, na anayeuliza kisa chake huambiwa na Mauricio mwenyewe kila anapokwenda, bila kuruka neno. Yeye alibahatika, maana aliyemfichua alikuwa tanuri la mikate. Wengi hawalipati tanuri hilo, na ndiyo maana wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.