Kijiti Kinachotambaa Uwanjani kwa Wakio

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale sana, mlimani kwenye mteremko mkali, aliishi mjane mmoja, Wakio, na watoto wake wawili. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Mwadime, ilikaa ukingoni mwa korongo. Na huko mlimani mwanamke alisifiwa kwa uwanja wake. Alfajiri unafagia mpaka udongo unang'aa, hata jani moja lisionekane. Wakio akafagia, akafagia, akafagia. Kila masika mvua iliondoka na udongo, na sasa mawe ya msingi yalikuwa yanachungulia nje. Mvua moja kubwa tu, na nyumba ingeingia korongoni.

Asubuhi moja Fuko akatoa kichwa uwanjani, amekasirika kwelikweli.

"Wee mama! Wewe unafagia, mimi paa langu linakwisha!"

"Nifanyeje, bwana Fuko? Nikiacha nitaitwa mvivu."

"Uitwe! Nenda kule mwambani. Kuna kijiti kifupi, hakisimami, kinatambaa tu. Kiangazi hakipukutishi majani, na maua yake ni ya zambarau. Kata vipande, upande kwa mistari ya kukinga mteremko. Kila tawi likigusa udongo linatoa mizizi."

Wakio akaweka ufagio chini, akaenda mwambani, akakata vipande, akavipanda uwanjani. Akapita mavyaa wake, Mama Mwadime, akashika kiuno.

"Uwanja gani huu? Ng'oa, fagia!"

"Ngoja kidogo, mama. Kinatambaa."

Baada ya miezi miwili akapita tena. "Nyoka watajaa humu! Ng'oa, fagia!"

"Ngoja kidogo, mama. Kinatambaa."

Masika yalipokaribia, maua yalikuwa yamefunika uwanja mzima. Mama Mwadime akaja na jembe begani. "Leo nang'oa mwenyewe!"

Jamani, hakuwahi hata kulishusha. Mvua ikamwagika, mama wa watu akateleza, jembe likatangulia korongoni naye nyuma yake. Akadaka tawi, likashika. Akadaka la pili, likashika. Akadaka la tatu, likashika. Wakio akatambaa kwa tumbo juu ya majani, akamkamata mkono, akamvuta.

"Sasa ning'oe, mama?"

"Thubutu!"

Wakajifungia ndani na watoto, Wakio akiomba. Mvua ilipokatika wakafungua mlango. Maji yaliyoshuka uwanjani yalikuwa maangavu, hayakubeba udongo hata chembe. Mama Mwadime akatoka, akaipapasa nyumba ya mwanawe ukuta kwa ukuta, kona kwa kona. Kisha akalia kwa furaha mbele ya wajukuu, bila aibu yoyote.

"Ipo," akasema. "Wakio, mwanangu, nyumba ipo!"

Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni. Kama imewakolea, msimulieni aliyekosa kuja.