Jiwe la Shimo la Tisa

Sogeeni karibu, mwenye simu aizime, na mwenye kubisha asubiri nimalize. Leo kubisha ni ruksa, tena nakuombeni mbishe, maana nina jambo la kuamua na peke yangu limenishinda.

Sisi wa Klabu ya Ilyombo, huku Rungwe kwenye chai, tuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Ni mdogo, ndiyo, lakini uzuri wake usipime, na anayekataa hajaja kuuona. Manane kati ya mashimo hayo yana majina ya watu. Ndiyo desturi yetu: ukiiletea klabu heshima kubwa kwenye shimo fulani, shimo hilo linakuwa lako, na jina lako linachongwa kwenye jiwe. Shimo moja, jina moja. Ukifa, unaendelea kutajwa. Mtu anatoka uwanjani analalamika, "Leo nimeteseka kwa Gwakisa!" na huyo Gwakisa tulishamzika zamani. Shimo la tisa, lile la kijitoni, halikuwahi kupata mwenyewe.

Mwaka huu limepata. Tatizo limepata watatu.

Kuna Ambakisye, mlima mpunga wa Kyela. Miguu yake, jamani! Amekulia kwenye matope, anakanyaga maji ya kahawia na kukwambia chini kuna nini. Kuna Hakimu Tusajigwe, mama aliyestaafu mahakama lakini mahakama haijamstaafu. Kipaji chake ni sheria. Kanuni za gofu anazisoma kitandani, na zikibadilishwa anazisoma upya, kisha anatusumbua nazo wiki nzima. Halafu kuna Nesi Bupe wa chanjo. Huyo ni mkono. Anamchoma mtoto sindano, mtoto anageuka kuuliza, "Bado?"

Hao ndio tuliowasimamisha dhidi ya Mbwengo, jirani zetu, waliokaa na kombe mpaka wakaanza kulipangia maua ndani. Mchezo wenyewe ni watu watatu kila upande, mpira mmoja, mnapiga kwa zamu. Mkitoka sare, kombe linabaki kwa aliye nalo.

Tukafika shimo la tisa tukiwa sawa kabisa. Mvua ilikuwa imemwagika asubuhi yote, kijito kikafura, kikavuka vigingi vyekundu vinavyoonyesha mpaka wake na kutandaa kwenye nyasi. Tuliona vichwa vya vigingi tu. Mbwengo walitangulia, mpira wao ukazama katikati ya kijito. Wakalipa pigo moja la adhabu bila kununa, wakamaliza kwa mapigo matano, na kwenye gofu mwenye machache ndiye mshindi. Kwa hiyo sisi tulihitaji manne. Matano yangekuwa sare, na sare ni kombe kurudi kwenye maua yake.

Bupe akapiga la kwanza. Upepo ukausukuma mpira, ukatua chubwi! ng'ambo ya kijito, pale pale kwenye vigingi. Wote tuliguna.

Mwamuzi akaeleza, na hapa sikilizeni vizuri. Mpira ukiwa ndani ya vigingi, umo kijitoni: upige humo humo kama unaweza, la sivyo lipa pigo la adhabu. Ukiwa nje ya vigingi, hayo ni maji ya muda, maji yaliyotuama kwa mvua. Unautoa bure, unauangusha pakavu jirani, hudaiwi kitu. Na usipoonekana, ilhali wote tumeona umeingia kwenye maji hayo hayo? Unahesabiwa umo kijitoni.

"Mna dakika tatu za kutafuta," akasema.

"Kwenye maji hayo?" kapteni wa Mbwengo akacheka. "Lipeni tu, twendeni tukanywe chai."

Ambakisye alikuwa ameshavua viatu na kukunja suruali. Akaingia majini akiwa ametazama juu mawinguni, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani, vidole vya miguu vikipapasa chini. Mtu akampigia kelele aende kushoto. "Msinisemeshe," akajibu. Mwamuzi anatazama saa. Sisi roho juu. Ghafla Ambakisye akasimama.

"Ninao. Uko hapa kwenye kidole gumba."

"Ameugusa! Adhabu!" kapteni wa Mbwengo akaruka.

"Anayetafuta akiugusa bila kukusudia hana kosa," mwamuzi akamwambia. Akachuchumaa, akapiga jicho kutoka kigingi hadi kigingi. Nje! Nje kwa upana wa kiganja. Ukainuliwa, na ubavuni ulikuwa na doa la zambarau, wino ule ule Bupe anaowapaka watoto vidoleni wakishachanjwa. Ni wetu, na tunautoa bure.

Basi kwa furaha hiyo Ambakisye akasimama pakavu, akanyoosha mkono usawa wa bega, akauachia mpira. Ndivyo alivyofundishwa ujanani. Ukakaa vizuri juu ya nyasi fupi, nasi tukapiga makofi, wajinga sisi. Mbwengo walikuwa kimya, na mimi nawajua, Mbwengo hawanyamazi bure.

Zamu ilikuwa ya Hakimu. Akausogelea mpira, akainua fimbo, akaishusha.

"Ambakisye, umeuangushia usawa wa wapi?"

"Begani, Mheshimiwa. Kama siku zote."

"Siku zote za lini? Sheria ilishabadilika, sasa ni goti. Okota, uangushe upya."

"Lakini umekaa vizuri mno hapo!"

"Kabla sijapiga, kosa linarekebishwa bure. Nikishapiga, ni adhabu. Nimesema okota."

Akaokota. Akauangusha kutoka gotini, na safari hii mpira ukaenda kujificha kwenye majani marefu. Kapteni wa Mbwengo akasonya, na kwa msonyo huo tukajua kuwa alikuwa ameuona mtego tangu mwanzo, akatuachia tujiingize wenyewe.

Hakimu akapiga kutoka kwenye majani yale. Halikuwa pigo zuri, tusidanganyane. Mpira ulifika kwa shida kwenye grini, ile sehemu iliyonyolewa kuzunguka shimo. Ambakisye akapiga la tatu kwa nguvu za furaha yake, ukapita shimo, ukaenda kukaa mbali upande wa pili, chini ya mteremko. Likabaki pigo moja, na mwenye zamu ni Bupe.

"Wewe ndiye uliyetutosa majini," Hakimu akamwambia.

"Basi ngoja nikutoeni," Bupe akasema.

Akausogelea, akautazama mpira, akalitazama shimo. Watu wazima tulishikana mikono. Akaugusa tu, taratibu. Mpira ukapanda mteremko, ukapinda, ukafika kwenye ukingo wa shimo ukasita, halafu ukatumbukia. Nililia mbele za watu na sioni haya. Kombe likaja Ilyombo, na chai ya siku ile tuliwamiminia Mbwengo sisi wenyewe, vifua mbele.

Kelele zilianza tulipofika kwenye suala la jiwe.

"Bila miguu yangu tungelipa adhabu," alisema Ambakisye. "Nalitaka hilo jiwe, sifichi."

"Uliipata nafuu kwa mguu ukaitupa kwa mkono," Hakimu akamjibu. "Nani aliyeiokota? Mimi."

"Mheshimiwa, maneno hayaingii shimoni," Bupe akasema. "Mpira ndio unaoingia, na niliuingiza mimi."

"Baada ya kuutosa!" wakamrukia wote wawili.

Tukawaambia basi waandikwe wote watatu. Walikataa, tena Hakimu akiwa wa kwanza: desturi ni shimo moja, jina moja, na Gwakisa hakuchangia na mtu. Kamati ikapiga kura, zikagawanyika sawasawa. Imebaki yangu tu, mimi katibu. Na hawa watatu wote nawapenda, wote ni fahari yangu, na najua kabisa kwamba wawili nitawaumiza.

Tangu asubuhi fundi yuko pale kijitoni. Ameshachonga neno KWA, akasimamisha patasi, sasa ananitazama. Nyuma yake wamesimama wote watatu, nao wananitazama.

Haya, ruksa ya kubisha ni sasa. Miguu, sheria, au mkono? Je, wewe ungemwambia fundi achonge jina la nani?