Nungunungu Ndani ya Tenga

Paukwa!
Pakawa!
Mko macho?
Tu macho, tupe!

Hapo kale, kale sana, Nungunungu aliishi na wanawe ng'ambo hii ya mto. Kuchimba viazi vikuu alijua, kukwea miti hakujua. Ng'ambo ya pili aliishi Kima. Yeye kuchuma mapera alijua, kuchimba hakujua. Katikati yao alikuwa Kenge, mwenye mtumbwi. Ndiye aliyepeleka viazi na kuleta mapera.

Siku ya kwanza Nungunungu alimpa tenga zima la viazi. Kenge akarudi na mapera ya kujaa kiganja. "Kima anasema viazi vyako vidogo."

Siku ya pili akachimba vikubwa. Kenge akarudi na mapera machache zaidi. "Kima anasema viazi vyako vichungu."

"Basi nivushe nikaseme naye mwenyewe."

"Thubutu! Ana hasira yule, mama. Atakung'oa miba yote!"

Nyumbani wanawe wakalilia chakula, naye hana. Moyo ukamuuma. "Nachimba mpaka kucha zinakatika, na wanangu walale njaa? Potelea mbali! Miba na ing'oke."

Siku ya tatu akaliweka tenga ufukoni, akaingia ndani, akajifunika viazi. Kenge akalipakia mtumbwini. "Leo zito!" akachekelea.

Karibu na ng'ambo, Kenge akaegesha kwenye matete, akatia mkono tengani ajichotee. Chwa! Miba ikamwingia.

"Yalaa! Nakufa!"

Kima akaja mbio. Nungunungu akachomoza kichwa, anatetemeka. "Wewe ndiwe Kima? Viazi vyangu vichungu?"

"Vichungu? Mimi huletewa kimoja tu, nami natoa kapu zima la mapera! Kenge kaniambia wewe mkali, hutaki kuonwa."

Wakatazamana. Kisha wakamtazama Kenge, amejikunyata ananyonya vidole. "Nisameheni, tumbo lilinituma."

Kima akataka kumfukuza.

"Hapana," akasema Nungunungu, na sasa hatetemeki. "Mto una maji mengi, na mtumbwi ni wake. Atavusha, na ujira wake tutampa mbele yetu sote wawili. Lakini maneno tutaambizana wenyewe."

Nungunungu akarudi amesimama wima mtumbwini, kapu la mapera limefurika, miba inalia chaka-chaka. Wanawe wakaruka ufukoni: "Mama kaja! Mama kaja na kapu!" Wakala, wakashiba, wakacheza.

Basi wenzangu, mtu wa kati ana kazi yake na haki yake. Lakini usimwachie awe macho yako na masikio yako. Nenda ukaonane na mwenzio.

Ngano nimeitua hapa. Ikiwanogea, ondokeni nayo. Isipowanogea, niachieni mwenyewe.